Kutoka kwenye wivu na kinyongo kwa njia ya imani: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Huu mwongozo ni kwa mtu anayemwamini Yesu, anasali, pengine anatumika kabisa kanisani, lakini akisikia fulani kapandishwa cheo au kaolewa au kapata mtoto kuna kitu kinamchoma kifuani na tabasamu linakuwa la kulazimisha. Au ni yule ambaye kuna mtu alimtenda vibaya, miaka imepita, na bado jina la huyo mtu likitajwa moyo unaenda mbio. Sitakwambia "acha wivu, omba tu", hiyo umeshaambiwa na umeshajaribu. Nataka twende taratibu tuone hiki kitu kimejificha wapi afu tukitoe hukohuko.

Naanza na jambo moja ambalo ndo limeshika kila kitu nitakachosema hapa. Tunadhani wivu na kinyongo ni mambo kati yetu na yule mtu, kumbe kesi kubwa iko kati yetu na Mungu. Angalia mifano miwili ya Yesu. Kwenye Mathayo 20 wale vibarua wa shamba la mizabibu waliofanya kazi tangu asubuhi hawakuwafuata wenzao walioingia saa ya mwisho wakawagombeza, walimnung'unikia mwenye shamba, "umewasawazisha na sisi". Kwenye Luka 15 yule kaka mkubwa aliyegoma kuingia kwenye sherehe hakumwambia mdogo wake hata neno moja, maneno yote alimmwagia baba, nimekutumikia miaka yote hii na hujawahi kunipa hata mwana-mbuzi. Mdogo mtu hata hamwiti ndugu yangu, anasema "huyu mwana wako". Unaona? Hasira ilikuwa kwa anayegawa. Ndo maana ukijikaza kumpenda yule mtu huku kesi ya juu hujaimaliza unachoka mapema, na baada ya wiki umerudi palepale.

Hatua ya kwanza: jua unaumwa nini hasa

Hapa watu wengi wanaruka na ndo wanaharibu, maana wivu na kinyongo vinafanana kwa nje, vyote vinakununisha, vyote vinakufanya umkwepe mtu, lakini dawa zake sio moja.

Wivu ni maumivu juu ya kitu kizuri alichonacho mwenzio. Hajakukosea chochote. Kapata, wewe hujapata, basi. Kinyongo ni maumivu juu ya ubaya uliotendewa, kweli au kwa jinsi ulivyoona wewe, ambao umeuhifadhi na kila ukipata nafasi unautoa unauangalia tena. Njia rahisi ya kupima ni kujiuliza hivi: huyu mtu akipoteza kile alichonacho leo nitapata ahueni? Kama jibu la ukweli ni ndiyo, huo ni wivu. Akija leo akaniomba msamaha kwa machozi nitapata ahueni? Kama ndiyo, hicho ni kinyongo. Na saa ingine ni vyote viwili vimelala kitanda kimoja, mfano Raheli na Lea. Lea alikuwa na watoto, Raheli alikuwa na mapenzi ya mume. Raheli akamwonea dada yake wivu mpaka akamwambia Yakobo nipe wana la sivyo nitakufa (Mwanzo 30:1), na Lea naye alikuwa na lake, "ni jambo dogo kuninyang'anya mume wangu?" Kila mmoja alikuwa na kile ambacho mwenzake alikuwa anakililia, na hakuna aliyekiona cha kwake.

Halafu kuna jambo la tatu ambalo sio wivu wala sio kinyongo, ni dhuluma inayoendelea. Mtu anakunyima mshahara wako, anakupiga, anachukua kazi yako anasema ni yake. Ukilia kwa ajili ya hiyo usikubali mtu akwambie una roho mbaya. Manabii walilia kwa ajili ya mambo kama hayo. Hiyo inahitaji haki na msaada wa watu, sio toba yako.

Chukua karatasi, sio simu, andika majina. Kila jina andika mbele yake kitu kimoja tu: amepata nini, au alinifanya nini. Usijieleze sana. Utagundua kitu fulani, majina mengi ni ya watu wa karibu, wa rika lako, waliosoma na wewe, mnaofanya kazi moja, ndugu wa tumbo moja. Huwaonei wivu matajiri usiowajua. Sauli hakuwahi kumwonea wivu mfalme wa nchi jirani, alimwonea wivu kijana aliyekuwa anampigia kinubi nyumbani kwake. Kaini na Habili ni mtu na mdogo wake. Ndugu za Yusufu vilevile. Kwa hiyo usishangae ukikuta kwenye karatasi kuna rafiki yako kipenzi au dada yako, haimaanishi humpendi, inamaanisha ni wa karibu kiasi kwamba mnapimana.

Hatua ya pili: peleka kesi kwa mwenye kugawa

Nitakaa sana hapa kwa sababu ndo moyo wa jambo lenyewe.

Kaini alipokasirika kwa ajili ya sadaka ya mdogo wake, Mungu alimfuata akamuuliza kabisa, kwa nini una ghadhabu, na kwa nini uso wako umekunjamana? Akamwonya kwamba dhambi inamwotea mlangoni na yampasa aishinde. Soma Mwanzo 4 kwa makini uone Kaini alijibu nini. Hakujibu. Andiko halina jibu lake hata moja. Mstari unaofuata tayari anaongea na Habili na safari ya shambani imeanza. Mlango wa kusema "Bwana, imeniuma, kwa nini yake na sio yangu" ulikuwa wazi na Mungu mwenyewe ndo aliyeufungua, na yeye akanyamaza.

Sasa muweke Asafu pembeni yake. Asafu alikuwa mkuu wa waimbaji mbele ya sanduku la agano, mtu wa matoazi (1 Nyakati 16:5), yaani kwa lugha ya leo ni kiongozi wa sifa. Na kwenye Zaburi 73 anasema waziwazi kwamba miguu yake ilikuwa karibu kuteleza kwa sababu aliwaonea wivu wenye kujivuna alipoona mambo yao yanawanyookea. Anaorodhesha, wananenepa, hawana taabu, wanasema wanavyotaka. Mpaka anafika mahali anasema nimejisafisha moyo bure tu. Hebu fikiria kiongozi wa sifa anasimama anasema nimeokoka bure! Na hayo maneno hayakufutwa, yaliwekwa kwenye kitabu cha nyimbo za ibada ili taifa zima liyaimbe. Mimi hiyo inanifundisha kwamba Mungu hakwaziki na malalamiko yanayoletwa kwake, anachokihuzunikia ni yale tunayoyapeleka shambani.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta mahali pa peke yako, na ile karatasi. Chukua jina moja, lile linalouma zaidi. Sema kwa sauti, lugha yoyote unayoota nayo, bila maneno ya kanisani. Kitu kama:

"Baba, fulani amepata kile nilichokuomba miaka yote. Nilifunga, nililia, na umempa yeye. Imeniuma. Naona kama umenisahau, na naona kama yeye unampenda zaidi. Hayo ndo yaliyo moyoni mwangu na wewe ulikuwa unayajua kabla sijasema."

Kama machozi yatakuja acha yaje. Kama ni hasira, iseme. Usikimbilie kumalizia na "lakini mapenzi yako yatimizwe" dakika ya pili ili tu ionekane umeomba vizuri, kaa kwanza. Asafu anasema mambo yalibadilika alipoingia patakatifu pa Mungu, na kilichobadilika hapo ni anachokiona yeye, wale watu hali yao ilikuwa ileile. Akaona mwisho wao, afu akajiona mwenyewe, kwamba alikuwa kama mnyama mbele za Mungu, na bado Mungu alikuwa amemshika mkono wa kuume. Ndo hapo inatoka ile "wala duniani sina cha kupendeza ila wewe". Hilo neno lilitoka kwa mtu aliyekuwa na wivu asubuhi yake, sio kwa malaika.

Rudia hii sala siku kadhaa. Mwingine inamchukua muda mrefu, hasa kama ni jambo la mtoto au ndoa au ugonjwa, hayo hayaishi kwa sala moja na asikudanganye mtu. Hana alikwenda Shilo mwaka baada ya mwaka huku mke mwenzie Penina anamchokoza, na siku aliyommiminia Bwana nafsi yake uso wake ukaacha huzuni kabla hajapata mimba. Soma 1 Samweli 1:18 uone mpangilio wake, uso kwanza, mtoto baadaye.

Na ujue kutamani kitu kizuri sio wivu. Hana alitaka mtoto na Biblia haimlaumu popote. Kinachogeuka dhambi ni pale unapoanza kuumia kwa kuwa yeye anacho.

Hatua ya tatu: itubu kwa jina lake

Fupi tu hii. Baada ya kulia kuna mahali inabidi uiite dhambi kuwa dhambi. Sio "changamoto", sio "nina hisia kali". Wagalatia 5 inaiweka husuda kwenye orodha moja na uchawi, uasherati na ulevi, na sisi tunamfukuza mlevi kwenye kwaya afu mwenye husuda tunampa uongozi. Mathayo 27:18 inasema Pilato alijua kabisa kwamba walimtoa Yesu kwa husuda. Kwa hiyo sio kitu kidogo.

Ila tofautisha. Ule mchomo wa kwanza unaokujia ghafla ukisikia habari, huo ni jaribu, umekujia bila kuuita. Dhambi inaanza unapoukaribisha, unakaa nao, unaanza kutafuta kasoro za mtu, unafurahi ukisikia mambo yamemwendea vibaya. Tubia hayo ya pili, usijipige kwa ajili ya la kwanza. Sema "Bwana, nimemwonea fulani husuda, nimetamani aanguke, nisamehe", na uamini 1 Yohana 1:9 kama ilivyoandikwa.

Hatua ya nne: acha kuulisha

Wivu hauishi wenyewe, una kitu unakula kila siku. Sauli alianzia kwenye wimbo. Wanawake waliimba Sauli ameua elfu zake na Daudi makumi elfu yake, na yeye badala ya kushukuru kwamba adui kapigwa akaanza hesabu, yeye makumi elfu, mimi elfu tu. Tangu siku ile akawa anamkodolea Daudi macho. Sisi leo wimbo tunao mfukoni. Unaamka, kabla hata hujasema "Bwana asante kwa pumzi" umeshaangalia status za watu, umeona nani kasafiri, nani kajenga, nani kapata laiki ngapi, afu unashangaa kwa nini unaingia kwenye sala ukiwa mzito.

Mambo ya kukata, na yanaumaga kuyakata:

- Kuchungulia. Kama kuna ukurasa wa mtu unaoufungua kwa siri ili uone kafikia wapi, ufiche usikutokee kwa muda. Huo sio unafiki na wala sio uadui, ni sawa na kuondoa chupa mezani kwa mtu anayeacha pombe. Ila usidhani kuficha ndo kupona, ni kujipa nafasi ya kupumua tu ili hatua zingine zifanye kazi.
- Maongezi. Una mtu mmoja au wawili ambao mkikutana lazima jina la fulani lije. Waambie kwa upole kwamba kuhusu huyu nimeamua kunyamaza. Watashangaa, wataona umebadilika, sawa tu.
- Maombi ya kusengenya. Hili linanikera sana kusema kweli. "Wapendwa tumuombee dada yetu, nasikia ndoa yake..." Kama usingeweza kuyasema hayo maneno yeye akiwa amekaa hapo, hayo sio maombi.
- Sababu za kiroho. "Ile baraka sio ya Mungu." "Atakuwa katumia njia za giza." Huna ushahidi, umetunga ili usiumie. Kila mara ukijikuta unaeleza mafanikio ya mtu kwa njia inayomshusha, simama hapohapo.

Hatua ya tano: mbariki kwa kitu kilekile

Sasa inakuja sehemu ngumu kuliko zote na mimi naiamini kuliko zote. Muombee yule mtu azidishiwe kile unachomwonea wivu. Sio "Bwana umbariki fulani" kwa ujumla. Kama ni ndoa, omba ndoa yake idumu na iwe na furaha. Kama ni kazi, omba aheshimike kazini. Kama ni huduma, omba watu wengi zaidi waokoke kupitia yeye kuliko kupitia wewe. Kila siku, kwa jina, dakika moja inatosha.

Mwanzoni maneno yatakukwama. Mdomo utasema na moyo utakataa, na utajiona mnafiki. Endelea. Unafiki ni kumwambia mtu kwa nje tofauti na unavyopanga kumtenda, wewe hapa unamwambia Mungu kile unachotaka moyo wako uwe, hiyo ni utii. Yesu aliposema waombeeni wanaowaudhi hakusema subirini mpaka mjisikie.

Afu fanya tendo. Yonathani ndo mwalimu wangu kwenye hili. Kama kuna mtu alikuwa na haki ya kumwonea Daudi wivu ni yeye, mwana wa mfalme, ufalme ulikuwa wake kwa kuzaliwa, na baba yake alimwambia waziwazi kwamba Daudi akiwa hai ufalme wako hautathibitika (1 Samweli 20:31). Sauli alikuwa na mkuki mkononi, Yonathani alivua joho lake, mavazi yake, upanga, upinde na mshipi akampa Daudi. Baadaye akamfuata msituni akamwambia wewe utakuwa mfalme na mimi nitakuwa wa pili wako. Baba na mwana, nyumba moja, wimbo waliusikia uleule.

Kwako tendo linaweza kuwa dogo. Mpongeze siku hiyohiyo uliyosikia, usisubiri wiki, na pongezi isiwe na "lakini" ndani yake wala "tukumbuke na sisi". Msifie mbele za watu wakati hayupo. Ukijua nafasi inayomfaa mwambie. Kama unajua kitu ambacho kingemsaidia usikikalie. Warumi 12:15 inasema furahini pamoja nao wafurahio, na naona mtume kaiweka kabla ya kulia na wanaolia, na kwa kweli kulia na mtu ni rahisi zaidi maana anayelia hatuzidi kitu.

Tahadhari moja: usiombe hivi ili na wewe upate. Watu wanapenda kutumia Ayubu 42:10, kwamba alirudishiwa alipowaombea rafiki zake, kama fomula. Ukigeuza baraka ya mwenzio kuwa mtaji wako bado unapimana naye.

Hatua ya sita: kama ni kinyongo, andika deni afu lifute

Hii ni kwa wale waliotendewa ubaya kweli. Fungua Mathayo 18. Mtumwa anadaiwa talanta 10,000 anasamehewa, anatoka nje anamkaba mwenzake mwenye deni lake la dinari 100. Tumezoea kuhubiri kwamba dinari 100 ni kitu cha kuchekesha. Hapana. Dinari moja ulikuwa ujira wa kibarua kwa siku, ndo hiyohiyo ya Mathayo 20, kwa hiyo dinari 100 ni kama siku 100 za jasho, zaidi ya miezi mitatu. Hiyo ni hela ya kuuma. Yesu hakusema ulichofanyiwa ni kidogo! Alichosema ni kwamba kile ulichosamehewa wewe hakihesabiki, talanta moja ilikuwa karibu dinari 6,000, zidisha mara 10,000 uone kama kuna maisha ya mtu yanayoweza kulipa.

Kwa hiyo usianze na "aah sio kitu". Huwezi kufuta deni ambalo hujaliandika. Andika: alisema nini, alichukua nini, nilipoteza nini, miaka gani, usingizi gani, jina gani liliharibika. Andika lote. Soma mbele za Mungu. Afu useme kwa sauti, "Kwa ajili ya Yesu aliyelipa la kwangu, naachia hili deni, simdai tena fulani". Ichane karatasi au ichome. Tendo la mikono linasaidia, moyo unakumbuka siku hiyo.

Kuachia deni sio kusema hakukuwa na kosa, ni kulihamishia kwenye mahakama ingine. Warumi 12:19, kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana. Paulo kaandika jina la Iskanda mfua shaba kwamba alimtenda ubaya mwingi, "Bwana atamlipa", na akamtahadharisha na Timotheo ajihadhari naye (2 Timotheo 4:14-15). Hajajifanya hajaumia na hajamwachia Timotheo aumizwe, ila kisasi kakitoa mkononi mwake.

Na hapa nisikilize vizuri hasa wewe ambaye umewahi kushauriwa vibaya. Kusamehe sio kurudi. Kusamehe unafanya peke yako na Mungu, kuaminiana tena kunahitaji watu wawili, toba ya kweli na muda. Yusufu aliwapima ndugu zake kwa safari zaidi ya moja kabla hajajitambulisha, alitaka aone kama bado ni walewale wanaoweza kumuuza ndugu. Daudi alimwacha Sauli hai mara mbili wakati angeweza kumuua, wakaongea, Sauli akalia, na baada ya hapo andiko linasema Daudi akaenda zake na Sauli akarudi mahali pake. Daudi hakurudi ikulu. Kama mtu anakupiga, anakutishia, anamdhuru mtoto, toka hapo, toa taarifa kwa wanaohusika na sheria, mweleze mtu mzima unayemwamini. Unaweza kumsamehe ukiwa mahali salama na kesi ikiendelea. Kiongozi yeyote wa dini anayekwambia msamaha maana yake ni kurudi ukapigwe tena anakosea.

Je, nimfuate nikamwambie?

Inategemea ni nini. Kama yeye ndo alikukosea na ni mtu wa kuongea naye, Mathayo 18:15 iko wazi, nenda ninyi wawili peke yenu, sio kwenye group la watu hamsini. Sema jambo moja, lililotokea, lilivyokuumiza, usichanganye na ya miaka kumi nyuma. Kama wewe ndo ulimkosea kwa sababu ya wivu, ulimchafua, ulimzuia asipate kitu, hiyo inabidi uende ukiri na uwafuate na wale uliowaambia ukasahihishe, hapo hakuna njia ya mkato.

Ila kama wivu ulibaki moyoni tu na yeye hajui chochote, usimwendee kumwambia "nilikuwa nakuonea wivu naomba unisamehe". Utajisikia mwepesi wewe, na yeye utamwachia mzigo ambao hakuwa nao, kila atakachopata baada ya hapo atawaza unaonaje. Hiyo ikiri kwa Mungu na kwa mtu mmoja anayetunza siri, Yakobo 5:16.

Hatua ya saba: rudi kwenye kazi yako

Moyo mtupu haukai mtupu. Ukishaacha kuangalia shamba la mwenzio inabidi uanze kulima lako. Petro, baada ya Yesu kumrudisha kwa upendo na kumwambia atakufa kifo gani, aligeuka akamwona Yohana anakuja nyuma, akauliza "Bwana, na huyu je?" Jibu alilopata ni kwamba nikitaka huyu akae hata nijapo imekupasa nini wewe, wewe unifuate mimi. Ni jibu kali, lakini mimi naliona lina huruma nyingi, maana limemtua Petro mzigo wa kusimamia maisha ya mwingine.

Kaa chini uandike ulichopewa. Usiandike tu yale ya jumla, afya na uhai, nenda kwenye mahususi: ujuzi gani ninao, watu gani wananisikiliza mimi na hawamsikilizi mwingine, nafasi gani iko mlangoni kwangu ambayo nimekuwa naidharau kwa sababu haifanani na ya fulani. Chagua moja, uifanyie kazi mwezi huu. Wagalatia 6:4 inamwambia kila mtu aipime kazi yake mwenyewe. Jipime na wewe wa mwaka jana. Na kuridhika kunajifunzwa, Paulo kasema "nimejifunza kuwa radhi", akiwa kifungoni, na wakati huohuo kulikuwa na watu nje wanahubiri kwa husuda ili wamwongezee dhiki, na jibu lake lilikuwa Kristo anahubiriwa, nafurahi (Wafilipi 1:15-18).

Ikirudi

Itarudi. Yusufu alimwita mwanawe wa kwanza Manase akisema Mungu amemsahaulisha taabu zake zote, na miaka baadaye ndugu zake walipotokea mbele yake alijitenga kando akalia. Hakuwa amedanganya alipompa mtoto lile jina, ila kidonda kina tabaka. Ukishtuka umeumia tena usianze kusema "kumbe sikusamehe". Sema "hili nililiachia, naliachia tena", umuombee mtu palepale, uendelee na shughuli yako. Saba mara sabini inafanya kazi hata kwa kosa moja linalokumbukwa mara nyingi.

Kinachotakiwa kukutisha ni mwelekeo. Sauli alilia kwa machozi mbele ya Daudi kwenye 1 Samweli sura ya 24, sura ya 26 yuko porini tena na watu 3,000 wanamsaka. Machozi yalikuwepo, hatua hazikuwepo, na Yonathani aliyemwambia ukweli hakumsikiliza, aliwasikiliza waliokuwa wanamletea habari za Daudi yuko wapi. Wewe tafuta mtu wa kumwambia kila baada ya muda, "lile jambo limeamka tena", na yeye akuulize maswali. Na kama uchungu umefika mahali hulali, huli, unawaza kumdhuru mtu au kujidhuru, nenda kwa daktari au mshauri nasaha pamoja na maombi yako, usichague kimoja.

Na kuna zile siku ambazo haziepukiki, harusi yake, mahafali, ibada ya kumshukuru Mungu kwa nyumba mpya. Kama ni kinyongo na kuna hatari, usiende. Kama ni wivu tu, nenda. Omba kabla hujatoka, panga unakaa na nani, usikae na yule mnayesengenya naye. Ukifika mtafute yeye kwanza kabla maneno hayajakuishia, mshike mkono, sema sentensi moja ya kweli kama "nimefurahi Mungu amekukumbuka". Ukiona moyo umeanza kuchemka toka nje kidogo, sali sentensi mbili, rudi. Hulazimiki kukaa mpaka mwisho, saa moja ya ukweli inatosha, uage vizuri uondoke.